Tangi Lililopata Homa

Kwenye ukumbi wa kupaushia vitambaa kulikuwa na sheria moja iliyotamkwa mara nyingi kuliko salamu: polisi kwanza, dawa baadaye. Polisi huyo hakuwa mtu. Alikuwa maji mazito yenye rangi ya chai hafifu, yanayoletwa kwa mapipa ya buluu, na jina lake halisi, fosfonati, lilikuwa limeandikwa ubavuni mwa pipa kwa herufi kubwa ambazo hakuna aliyehangaika nazo. Kazi yake ilikuwa kukamata chuma. Maji ya kiwandani hayakosi chuma hata yang'ae namna gani; kidogo hutoka ardhini, kidogo kwenye mabomba yaliyozeeka. Na peroksaidi, ile dawa inayoondoa umanjano wa pamba na kuacha kitambaa cheupe pe, haipatani na chuma hata kidogo. Vikikutana, dawa hupandwa na wazimu, hutoa mapovu na joto, na kitambaa hutoka kimejaa matundu utadhani kimelala na panya. Polisi akitangulia kuingia kwenye maji, huishika kila chembe ya chuma, huitia pingu, na kazi huendelea kwa amani.

Aliyeilinda sheria hiyo alikuwa msimamizi wa zamu ya mchana, mwanamke mfupi mwepesi wa hatua, ambaye wote walimwita Bi Mizani. Jina alilipata kwa sababu hakuliamini jicho la mtu. Kila kitu kipimwe, na kikishapimwa, yeye atakipima tena. Mungu alimjalia akili nzuri na mkono usiotetemeka, kisha akamwongezea ulimi ambao angeweza kuukodisha kwa wakata majani.

Aliyeujua ulimi huo kuliko wote alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe. Bi Mizani ndiye aliyemtafutia kazi ya kuchanganya dawa, ndiye aliyempa chumba nyumbani kwake, ndiye aliyemnunulia viatu vya kazi. Huwezi kusema hakumpenda. Ila alimpenda kwa kumsahihisha, asubuhi, mchana na jioni, na msichana akajifunza kutembea kando ya kuta.

Jumatatu ya wiki hiyo mtambo mmoja ulisimama ghafla, na peroksaidi iliyokwisha kupimwa kwa ajili yake ikabaki kwenye ndoo. Wifi akafanya kama alivyofundishwa: akaizimua kwa maji mengi, akaimwaga kwenye mfereji. Kilichotoka kwenye tangi hakirudi kwenye tangi, hata kiwe kisafi kama machozi ya malaika. Hiyo nayo ilikuwa sheria. Lakini asubuhi hiyohiyo meneja alikuwa amemwita Bi Mizani ofisini na kumsema juu ya upotevu wa dawa, na yeye akatoka huko amefura. Alipomkuta wifi yake na ndoo tupu, hakuuliza.

"Hivi kwenu mlizoea kumwaga tu?" aliwaka, ukumbi mzima ukisikia. "Mali ya watu unaimwaga kama maji ya kunawia miguu?"

Wapaushaji wakatazama viatu vyao. Kumwambia mtu amekosea ni jambo moja. Kumwambia "kwenu", mbele za watu, wakati huko kwao ndiko alikozaliwa mumeo, ni jambo lingine kabisa. Wifi alisema, "Nisamehe, wifi," akaenda kuosha ndoo. Nyumbani jioni alipika, akapakua, akala kimya. Bi Mizani aliona kwamba neno lile lilikuwa limeingia ndani. Aliona aibu pia, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini kuomba radhi kulimkaba kooni kama mfupa wa samaki, akajiambia kuwa yatapita yenyewe.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, alipita nyuma ya ukumbi kwenda stoo. Huko ndiko lilikokaa tangi la peroksaidi, kubwa kama chumba, limezungushiwa ukuta wa saruji unaofika magotini. Kila akipita hapo alikuwa na mazoea ya kuligusa bomba la chini kwa mgongo wa kiganja, kama mama anavyogusa paji la uso la mtoto. Siku zote bomba lilikuwa baridi. Siku hiyo lilikuwa na joto.

Alisimama. Akagusa tena. Kisha akatazama kipimajoto kilichopachikwa ubavuni mwa tangi. Tangi lilikuwa na homa.

Injinia aliitwa, akaja mbio, bwana mmoja mpole mwenye leso mkononi kila wakati. Alisoma kipimajoto, akaligusa tangi, akatazama jua ambalo lilikuwa limeanza kupenya chini ya paa na kulipiga tangi ubavuni. Akawakusanya watu wa zamu.

"Sikilizeni," alisema. "Kuna mawili. La kwanza, hili jua pamoja na hiki kipimajoto chetu. Mwezi uliopita kilitudanganya, mkumbuke, tukapiga king'ora na kiwanda kizima kikasimama bure. Kama ni hilo, tutalimwagia tangi maji kwa nje, jioni litapoa. La pili ni kwamba kuna kitu kimeingia ndani. Hata kama ni kutu ya kujaza kijiko tu. Hapo hakuna mjadala, tunatoka wote, maana dawa ikianza kujichemsha yenyewe haisimami mpaka isimamishwe na mtu, au ipasue tangi."

"Lakini si inakuja na polisi wake ndani?" mtu mmoja aliuliza.

"Anayekuja nayo kutoka ilikotengenezwa ni kidogo sana. Huyo ni mgambo tu, hana nguvu ya kushika genge." Hakuna aliyecheka. "Sasa niambieni. Kuna mtu amefungua kifuniko kidogo cha tangi leo?"

Mmoja alikohoa. Bi Mizani alitupa jicho kwa watu wake mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakainama.

"Basi tuanze na kipimajoto," Injinia akasema.

Aliyeitwa kukibadilisha alikuwa fundi wa mabomba, naye ndiye mumewe Bi Mizani. Alikuja na spana zake na kipimajoto kipya mfukoni, mtu mrefu mwenye mzaha hata msibani. Akapanda ngazi ya chuma hadi juu ya tangi, kwenye kifuniko kidogo, atumbukize kipya na kukilinganisha na cha zamani.

"Nikiiva huku," alisema akiwa katikati ya ngazi, "msinile bila chumvi."

Bi Mizani hakutabasamu. Alikuwa akimtazama wifi yake. Msichana alikuwa amesimama nyuma ya wenzake, mikono ndani ya glavu, macho juu ngazini kwa kaka yake, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Alimfuata pale aliposimama. "Wewe. Umefungua tangi?"

"Hapana, wifi."

Jibu lilitoka haraka mno. Lilitoka kabla swali halijafika mwisho, kama mkono unavyoruka kulinda uso. Bi Mizani akavuta pumzi amwongezee jingine kali zaidi, na hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwa amelitazama maisha yake yote ya kazi. Wapaushaji walikuwa wamenyamaza, lakini hakuna aliyekuwa akimtazama Injinia. Walikuwa wanamtazama yeye. Kama kulikuwa na mtu anayejua kitu, basi anayemwogopa si Injinia wala meneja, wala tangi lenyewe.

"Hiki kipya nacho kinasema vilevile!" mumewe alipiga kelele kutoka juu. "Tena kinapanda, nakiona hivi hivi!"

Injinia alipangusa shingo kwa leso. "Jua haliwezi kupandisha hivyo," alisema, zaidi kujiambia mwenyewe. Akageukia watu tena, na sasa upole ulikuwa umemtoka. "Jamani, kimeingia nini humu? Nikijua ndipo nitakapojua cha kufanya."

Bi Mizani alivua kofia yake ngumu. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu maneno aliyotaka kuyasema hayasemwi na kofia kichwani. Mumewe yuko juu ya tangi, wifi yake yuko mbele yake na ukweli mdomoni, na katikati yao kilichoziba njia ni ulimi wake yeye.

"Wifi," alisema, kwa sauti ambayo wote waliisikia. "Jumatatu nilikutukana. Nilikutukania kwenu, na kwenu ndiko nilikoolewa, na mama yako ndiye mama yangu. Ulikuwa umefanya sawa, mimi ndiye niliyekosa. Naomba unisamehe mbele ya hawa hawa niliokutukana mbele yao. Na chochote ulichofanya leo, sitasema neno. Nataka tu kaka yako ashuke mzima."

Msichana akaanza kulia kabla hajasema.

"Nilirudisha, wifi. Asubuhi. Ile iliyobaki kwenye mtambo wa pili. Niliogopa kumwaga tena, nikapanda nikairudisha kwenye tangi."

"Kwa ndoo gani?"

"Ndoo za plastiki zote zilikuwa na kazi. Nilichukua ya kaka. Ile anayowekea spana."

Ndoo ya bati, iliyoliwa na kutu hadi kitako. Injinia hakungoja zaidi.

"Niliisuuza," wifi alikuwa anasema. "Na nilijua polisi yumo ndani, nikadhani atashika..." lakini king'ora kilikuwa kimeshaanza kulia na kumfunika.

Watu wakatoka mbio kuelekea lango kuu. Injinia alitoa amri huku akirudi kinyumenyume: zimamoto waitwe, maji yafunguliwe kwa nguvu zote, na polisi apelekwe ndani ya tangi haraka, amfunge huyo chuma aliyeingia. Bahati yao, mzigo mpya wa dawa ulikuwa haujaletwa, tangi lilikuwa halijafika hata nusu, kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kutia maji mengi. "Fundi! Fungua mfuniko mkubwa, hewa itoke, halafu ushuke!" Kisha akakimbilia upande wa pili wa jengo, kwenye valvu kubwa ya maji, koki ambayo haikufunguka bila mtu kuning'inia juu yake.

Kifuniko kidogo kilifunguliwa kwa mkono tu, lakini mfuniko mkubwa ulikuwa na nati zilizokaa miaka bila kuguswa. Fundi alizipigania moja baada ya nyingine, na mzaha wote ulikuwa umemwisha. Chini yake tangi lilianza kutoa sauti, mnong'ono mrefu kama sufuria inayokaribia kuchemka.

Wanawake wawili hawakwenda langoni. Walipaswa kwenda, na mwenye akili timamu angekwenda. Bi Mizani aliingia ukumbini, akalivuta pipa la buluu lililo karibu zaidi, akalipakia kwenye toroli, akaja nalo akilisukuma kwa kifua. Akatumbukiza pampu ya mkono. Akamrushia mumewe ncha ya mpira, ule mwembamba unaopitisha nuru hadi unaona kilichomo ndani.

"Shika huu mpira usiruke!" alimwambia wifi yake.

Wifi akaushika. Akalitazama pipa. Akafungua mdomo, akaufunga. Bi Mizani alikuwa ameshaanza kupampu, meno yameumana, na maji ya rangi ya chai yakaanza kupanda kwenye mpira, yakapita usawa wa mabega yao, yakapita vichwa vyao, yakaendelea kupanda. Msichana aliyafuata kwa macho. Juu, nati ya mwisho ilikubali, na fundi akasukuma mfuniko pembeni na kuingiza ncha ya mpira kwenye tundu.

"Simama!" wifi alipiga ukelele. "Wifi, simama! Hilo ni pipa la ukumbini! Lina kostiki!"

Mkono wa Bi Mizani ukaganda kwenye mpini.

Ni yeye aliyekuwa akiwafundisha wageni wote wa kazi. Polisi ni mmoja lakini huvaa sare mbili. Yule wa ukumbini huchanganywa na kostiki, yale magadi makali, kwa sababu kitambaa hupikwa ndani ya kostiki na hapo hana madhara. Yule wa boila, pale maji yanapochemshwa kuwa mvuke, ni asidi tupu, kazi yake kuzuia ukoko wa chokaa usizibe mabomba. Peroksaidi ya kwenye tangi ikipata asidi, hutulia. Ikipata kostiki, ni kumwagia petroli moto. Haya aliyasema kila mwezi, akiwa amesimama palepale, akinyoosha kidole kwenye mapipa yaleyale, na leo mikono yake ilikuwa imechukua la karibu kama mikono ya mtu yeyote aliyeshikwa na hofu.

"Toa mpira!" alimlilia mumewe. "Toa! Utupe chini!"

Fundi akauchomoa. Yale maji yalikuwa yamebakiza kama urefu wa mkono kufika mwisho. Mpira ulianguka kwenye saruji na kutapika, na Bi Mizani akaukanyaga kwa miguu miwili kana kwamba ni nyoka.

Wifi alikuwa ameshakimbia. Alirudi na mzee wa boila, mtu aliyekuwa na kitambi na magoti mabovu lakini siku hiyo hakukumbuka vyote viwili, kila mmoja na dumu la polisi wa boila mkononi. Wakaosha pampu na mpira kwa maji, haraka lakini vizuri, kisha wakatumbukiza pampu kwenye dumu la kwanza. Safari hii Bi Mizani aliinama, akasoma maandishi kwa sauti, neno kwa neno, akamtazama wifi yake.

"Ndilo?"

"Ndilo."

Akamrushia mumewe ncha ya mpira tena, akapampu. Dumu la kwanza likaisha, la pili likafuata. Mahali fulani nyuma ya jengo valvu ilikubali, na mpira mkubwa wa maji ukajaa na kujinyoosha. Mzee wa boila akausukuma juu, fundi akauingiza kwenye tundu. Povu likapanda, likamwagika kando ya tangi na kutiririka ndani ya ukuta wa saruji. Fundi alishuka ngazi akiwa ameshika vyuma kwa viganja tu. Vidole vyake vilikuwa vimegeuka vyeupe kama chokaa pale dawa ilipopenya kwenye glavu.

Walitazama kipimajoto kutoka mbali, nyuma ya kona. Kilipanda. Kikapanda tena. Injinia alirudi akiwa ameloa hadi kiunoni, akasimama nao. Kikapanda kidogo zaidi, halafu kikakaa. Kilikaa muda mrefu. Halafu mzee wa boila, aliyekuwa na macho ya mbali, akasema, "Kinateremka." Hakuna aliyeshangilia. Fundi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

Zimamoto walifika, wakachukua kazi ya kumwagilia, wakawafukuza wote hadi langoni. Huko mtu wa huduma ya kwanza alikuwa akimsuuza fundi mikono kwa maji yanayotiririka, na fundi alikuwa ameshaanza kuuliza kama ngozi nyeupe inalipiwa posho. Injinia alisema dawa yote ya kwenye tangi imekwisha kazi, imebaki ya kumwagwa, na kwamba yeye mwenyewe atamweleza meneja yaliyotokea yote, pamoja na yale ya Jumatatu.

"Hayo ya Jumatatu nitayasema mimi," Bi Mizani alimwambia.

Kisha akaenda kukaa na wifi yake, aliyekuwa amekaa peke yake kwenye ukingo wa barabara, glavu bado mkononi. Lori la zimamoto lilikuwa likinguruma.

"Umetuokoa," Bi Mizani alisema. "Mimi ningewaua nyote. Ningemuua mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe."

Wifi alitikisa kichwa tu.

"Lile pipa la ukumbini. Uliligundua saa ngapi?"

"Tangu unalipakia kwenye toroli."

Bi Mizani aligeuka amtazame vizuri. Alikumbuka mdomo uliofunguka na kufungwa, na macho yaliyoyafuata yale maji yakipanda, juu, juu, hadi karibu na mikono ya kaka yake.

"Na ukangoja?"

"Niliogopa utanigombeza."

"Lakini, mdogo wangu, si nilikuwa nimeshakuomba radhi? Mbele ya watu wote?"

"Uliniomba, wifi," msichana alisema, na akasema bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza njia. "Ila ulipoanza kupampu, uso ulikuwa ule ule."